Tuanzie Chini ya Gari

  

Leo tunazungumza gari. Na mkisikia gari msifikirie shangingi lenye vioo vyeusi linalopita kwa king'ora. Ninalotaka tulizungumze ni dogo mno, la Kiitaliano, la zamani, limefufuliwa, na linauzwa.

Habari yenyewe ni hii. Msikilizaji wetu mmoja anayefanya kazi kaskazini mwa Italia ametuandikia. Anasema ameona tangazo la Fiat Giardiniera ya mwaka 1967, stesheni wagoni ndogo, na muuzaji anadai ameikarabati yote kuanzia chasi hadi paa. Rangi mpya, viti vipya, injini imefunguliwa na kufungwa upya. Picha zinang'aa kweli kweli. Ndugu yetu anauliza: je, nilinunue? Halafu akaongeza kwa mwandiko mdogo chini ya barua kwamba mama watoto ameshakataa.

La mama watoto sitaligusa. Hilo mtalimaliza wenyewe, tena kwa upole. Lakini la gari tunaweza kusaidiana, na nitakupa jibu langu mapema ili hata ukiitwa kula usikose kitu: usianze na rangi. Anza chini ya gari. Nitarudia maneno haya mara nyingi leo, nivumilieni.

Sasa, kabla hatujaingia chini ya gari, tujiulize: Giardiniera ni gari gani hasa? Maana wengi wetu, hasa wa umri wangu, na zaidi wa Mbeya na Iringa, tukisikia Fiat tunakumbuka yale malori makubwa yaliyokuwa yakivuta matrela kwenye barabara kuu ya Zambia. Ninayoisema leo ni Fiat nyingine kabisa. Ukiisimamisha kando ya lile lori, itafika kwenye tairi tu.

Turudi nyuma kidogo, Italia baada ya Vita Kuu ya Pili. Nchi imebomoka, watu wanakwenda kazini kwa baiskeli, na mwenye nafuu ana Vespa. Baba anaendesha, mama nyuma, mtoto kasimama mbele kashika usukani. Picha hiyo sisi tunaijua, tena tunaiona hadi leo kwenye bodaboda. Kampuni ya Fiat pale Torino ikaona kwamba familia hizi ziko tayari kununua gari, ila gari lenyewe liwe rahisi kwelikweli. Kazi hiyo akapewa mhandisi Dante Giacosa. Mwaka 1955 likatoka Fiat 600, na tarehe 4 Julai 1957 likatoka dogo zaidi, Nuova 500.

Lilikuwa dogo kiasi gani? Urefu wake haukufika hata mita tatu. Injini ilikuwa na silinda mbili tu, imekaa nyuma, inapozwa kwa upepo. Hakuna rejeta, hakuna maji ya kuchemka njiani. Nguvu zake mwanzoni zilikuwa farasi 13. Siku hizi kuna pikipiki zinazozidi hapo! Lakini lilikwenda, na mwaka 1959 Giacosa akapewa tuzo ya Compasso d'Oro, tuzo kubwa ya ubunifu wa vitu nchini Italia, kwa ajili ya kigari hicho.

Basi wafanyakazi wakapata gari. Lakini, wasikilizaji, muuza mboga je? Fundi bomba je? Mwoka mikate anayepeleka mikate alfajiri je? Hapo ndipo palikuwa na tatizo. Nyuma ya 500 kuna injini. Mbele, chini ya boneti, kuna tangi la petroli, betri na tairi la akiba. Kreti la nyanya uliweke wapi? Kichwani?

Hili swali la kreti la nyanya ndilo lililozaa Giardiniera. Na jibu lake, kwa maoni yangu, ni moja ya kazi nzuri za uhandisi wa karne iliyopita, ingawa wanaopenda magari ya mbio hawatalitaja. Walichofanya ni kuilaza injini. Ndiyo, kuilaza! Kwenye 500 ya kawaida silinda zimesimama wima. Kwenye Giardiniera wakaichukua injini ileile ya silinda mbili, wakaitengenezea sehemu mpya za mwili wake, wakaigeuza ikalala ubavu, ikawa bapa. Mafundi wa kule wakaipa jina la utani, sogliola, yaani yule samaki bapa anayelala mchangani. Injini ikishalala, juu yake unaweka sakafu. Sakafu ikishawekwa, unakunja kiti cha nyuma, na unapata uwanja ulionyooka kutoka mgongoni mwa dereva hadi mlango wa nyuma. Kreti la nyanya limepata pa kukaa.

Lakini injini inayopozwa kwa upepo, ukishaifunika kwa sakafu na ukaiwekea mizigo juu, itapumua vipi? Nalo walilifikiria. Tazama picha ya Giardiniera kwa nyuma, pale kwenye nguzo mbili zinazoshika paa, pembeni. Utaona matundu yamechongwa. Upepo unaingilia pale juu, unateremka ndani ya nguzo hadi kwenye injini. Muuza mboga alipakia vitunguu akaondoka zake bila kujua kwamba nguzo za gari lake ni pua.

Gari hilo lilianza kuuzwa mwaka 1960. Waliliongeza sentimita 10 kati ya matairi ya mbele na ya nyuma, likapewa breki kubwa kuliko za 500 kwa sababu ya mzigo, na nguvu zikapanda kufika farasi 17 na nusu. Juu likawa na turubai refu la kukunja, vioo vya nyuma vya pembeni vikawa vya kusukuma. Mlango wa nyuma ni mmoja tu, unafunguka kwa pembeni. Spidi yake ya juu ni kilomita 95 kwa saa, tena hiyo ni kwenye tambarare na dereva hana haraka ya kweli.

Nikitafuta mfano wa hapa nyumbani, naona Probox. Nani asiyeijua Probox? Inabebeshwa miraa, inabebeshwa magunia ya viazi, inabebeshwa watu mpaka mmoja anakaa na dereva kiti kimoja. Hakuna anayeiandikia shairi, lakini asubuhi isipowaka, biashara imelala. Giardiniera ilikuwa hivyo kwa Waitaliano. Katika hati zao iliandikishwa kama gari la matumizi mchanganyiko, watu na mizigo. Siku za kazi ilibeba bati, rangi, mikate, maziwa. Jumapili ilifagiliwa ikabeba watoto kanisani na baadaye baharini.

Nawaombeni mlishike hilo, kwa sababu ndilo lenye uzito tukifika kwenye kununua. Gari hili lilikuwa la kazi. Zilitengenezwa zaidi ya laki tatu. Uundaji ulihamishiwa kiwanda cha Autobianchi, kaskazini mwa Milano, mwaka 1966, na kuanzia 1968 kule Italia zikauzwa kwa jina la Autobianchi badala ya Fiat. Ziliendelea kuundwa mpaka 1977, miaka miwili baada ya ile 500 ya kawaida kukoma. Laki tatu! Ziko wapi sasa? Nyingi zilitumika mpaka zikaisha. Gari la tajiri huwekwa gereji na kufunikwa shuka. Gari la muuza mboga hulala nje kwenye mvua, na kaskazini mwa Italia barabara hunyunyiziwa chumvi wakati wa baridi ili barafu iyeyuke. Chumvi, maji na bati. Watu wa pwani mnaosikiliza, hamhitaji kuelezwa zaidi.

Kwa hiyo Giardiniera yoyote unayoiona leo inang'aa, jua kwamba huenda iliwahi kuoza. Sisemi hivyo kwa ubaya. Kuoza kunatibika. Swali ni je, ilitibiwa, au ilifunikwa?

Tunaambiwa kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mimi nina wasiwasi kwamba aliyetunga methali hiyo hakuwahi kununua gari kuukuu. Kwenye soko la magari, kibaya ndicho kinachopakwa rangi nzuri kuliko vyote.

Haya, tuingie chini ya gari.

Jambo la kwanza. Tangazo limesema "kuanzia chasi". Ndugu yangu, gari hili halina chasi! Halina ile fremu ya chuma iliyojitenga kama lori au Land Rover ya zamani. Bodi yenyewe ndiyo inayobeba kila kitu: sakafu, vizingiti vya chini ya milango na kuta, vyote vimechomelewa pamoja. Maana yake ni nini? Maana yake kutu ya sakafu haiishii kuwa uchafu wa kukuaibisha mbele za watu. Sakafu ikioza, uti wa mgongo umeoza. Labda muuzaji ametumia neno hilo kwa mazoea tu, kama tunavyosema wote. Lakini muulize. Mwambie akuonyeshe alichofanya huko chini.

Omba gari lipandishwe juu, au liwekwe kwenye shimo la gereji. Chukua tochi. Angalia sakafu miguuni mwa dereva na abiria. Angalia vizingiti vya chini ya milango kwa urefu wake wote. Mbele, toa betri, tazama ilipokaa, kwa sababu tindikali ya betri humwagika pale na kula bati polepole miaka nenda miaka rudi. Ukikuta kila mahali pamepakwa ile lami nzito nyeusi, mbichi mbichi, mpya, usifurahi haraka. Lami ni dawa nzuri ikipakwa juu ya bati zima. Ikipakwa juu ya kutu, ni pazia tu.

Halafu kuna pati. Mafundi wa bodi mnanisikia, msinikasirikie. Pati kidogo ya kulainisha ni kazi ya kawaida. Lakini kuna fundi anayejaza pati unene wa kidole mahali ambapo bati halipo kabisa, anapiga msasa, anapiga rangi, na mteja anaondoka anacheka. Utaitambuaje? Beba sumaku ndogo, izungushie kitambaa usije ukakwaruza rangi ya watu, ipitishe taratibu pembezoni mwa gurudumu, chini ya milango, kwenye kona za nyuma. Palipo na bati sumaku inashika. Palipojaa pati inateleza kama haina habari. Muuzaji mwaminifu hatakuzuia kufanya hivyo. Akikuzuia, umeshapata jibu bila kulipa senti.

Narudia kwa aliyefungulia redio sasa hivi: tunazungumzia kigari cha zamani cha Kiitaliano, Fiat Giardiniera, kinachouzwa kikiwa kimefufuliwa, na tunasema usianze na rangi, anza chini.

Ukitoka chini, nenda kwenye milango. Hapa pana kitu ambacho wengi hawakijui. Milango ya Giardiniera inafunguka kinyume. Bawaba ziko nyuma, kitasa kiko mbele, kwa hiyo mlango unafunguka kuelekea upepo. Hata 500 ya kwanza ilikuwa hivyo. Mwaka 1965 milango ya 500 ikageuzwa kwa ajili ya usalama, ikawa kama ya magari mengine. Lakini Giardiniera haikubadilishwa. Ilibaki na milango ya kinyume mpaka ya mwisho kutoka kiwandani mwaka 1977. Basi ukiletewa Giardiniera ambayo milango yake inafunguka kama ya magari ya leo, jua kuna mtu ameikatakata. Na ukiletewa ya mwaka 1972 yenye hati za Kiitaliano, lakini usoni ina nembo ya Fiat badala ya Autobianchi, uliza nembo hiyo imetoka wapi. Hii ya ndugu yetu ni ya 1967, kwa hiyo nembo ya Fiat ni sahihi, hapo hana shaka.

Fungua mlango, unyanyue kidogo kwa mkono. Ukicheza juu chini, bawaba zimekwisha, au nguzo inayozishika ndiyo imelegea. Ufunge taratibu, utazame upenyo kati ya mlango na bodi. Juu na chini uwe sawa. Ukiona juu umebana na chini umeachia, huenda sakafu imekunjika. Tumerudi palepale chini!

Injini sasa. Iko wapi? Iko nyuma, chini ya sakafu ya mizigo. Unafungua mlango wa nyuma, unatoa mkeka, unainua mfuniko, na huyo hapo samaki wetu bapa amelala. Ndiyo maana yule muuza mboga, akitaka kugusa kabureta katikati ya safari, ilibidi kwanza ashushe kreti zote barabarani. Ukifika kwa muuzaji, kabla hamjasalimiana vizuri, weka mkono karibu na injini. Ina joto? Kama ina joto, mwambie kwa adabu kwamba utarudi kesho yake asubuhi, na ungependa kuikuta imelala baridi. Injini ya zamani husema kweli asubuhi na mapema.

Kuwasha kwenyewe kuna utaratibu wake. Ufunguo peke yake hauwashi. Kati ya viti viwili vya mbele, karibu na handibreki, kuna viwiko viwili vidogo. Kimoja ni choki, kingine ni stata. Unageuza ufunguo, unavuta choki, unavuta stata, inashika. Na mlio wake, wazee wangu, si wa gari. Ni wa tukutuku. Silinda mbili zinapokezana, dirisha linatetemeka, unadhani kuna mtu anasaga mahindi jirani.

Sikiliza. Moshi wa mwanzo kidogo si neno. Moshi wa buluu usiokatika, hapo oili inaungua. Washa kipasha joto, unuse ndani ya gari. Joto linaloingia ndani linatoka kwenye injini yenyewe, kwa hiyo ukisikia harufu ya moshi au ya oili mahali unapokaa wewe na watoto, usiondoke na gari hilo mpaka fundi aone gasketi na bomba la moshi. Hilo ni la uhai.

Kisha liendeshe. Hapa najua wako madereva wastaafu wa malori ya zamani wanaonisikiliza, na leo ni siku yao. Giardiniera haikuwahi kuwa na gia laini. Kushusha gia lazima ukanyage klachi mara mbili na kupiga resi katikati, la sivyo inakwaruza mpaka wapita njia wanageuka. Vijana wa otomatiki watatoka jasho. Mzee wa Bedford ataingia, atacheka, ataondoka. Kwa hiyo gia ikikwaruza kidogo, usimlaumu muuzaji papo hapo. Jipime na wewe. Lakini gia ikiruka yenyewe kutoka mahali pake, huo ni ugonjwa.

Vilevile piga jeki mbele, shika tairi juu na chini, litikise. Likicheza, kingpini zimekufa. Hizi zinahitaji grisi mara kwa mara, na wengi waliomiliki gari hili hawakuwa na muda huo. Ni kazi inayofanyika, lakini iingie kwenye bei.

Vipuri je? Italia, vipuri vya 500 vinapatikana mpaka vingine vinatengenezwa vipya. Ila Giardiniera ina vyake vya peke yake: vile vya injini iliyolazwa, mifereji ya upepo, mlango wa nyuma, vioo vya pembeni. Hivyo usidhani ukipata cha 500 umemaliza. Hakikisha kwa macho yako kwamba vya Giardiniera vyote vipo na vizima. Ni afadhali kiti kilichochanika kuliko mlango wa nyuma ulioliwa na kutu.

Na hapa niseme langu la moyoni. Kuna ufufuaji ninaoupenda na mwingine siupendi. Kuna watu huchukua gari la mwoka mikate wakaliwekea viti vya ngozi ya rangi ya asali, usukani wa mbao, na nikeli kila kona. Linapendeza kwenye picha ya harusi. Lakini mwoka mikate mwenyewe angefufuka leo, angeuliza hili ni la nani. Mimi ningetoa pesa yangu kwa lile lenye viti vya plastiki, lenye alama za kreti kwenye sakafu ya mizigo, lakini bati la chini zima. Wengine hawatakubaliana nami, na bei za sokoni mara nyingine zinawaunga mkono wao. Sawa.

Sasa muulize muuzaji swali moja kubwa: picha za kazi ziko wapi? Sizungumzii picha za gari likiwa tayari. Nataka za lilipokuwa uchi, rangi imetolewa, bati linaonekana, mashimo yanaonekana, na kiraka kikichomelewa. Ukiona vyaelea, vimeundwa, na fundi aliyeunda kwa haki hupiga picha kila hatua, kwa sababu ndizo zinazompandishia bei. Akikuambia simu ilipotea na picha zote zikapotea nayo, inawezekana. Lakini basi risiti za bati na vipuri nazo zilipotea na simu?

Tukimaliza chuma, tuje karatasi. Kule Italia namba ya gari hutafutwa kwenye rejista ya umma ya magari, wenyewe huiita PRA, na kwa ada ndogo utaona mwenye gari ni nani na kama lina deni. Fanya hivyo kabla ya kutoa hata kishika uchumba. Magari mengi ya zamani yalifutwa kwenye rejista kwa sababu ya kodi zilizosahaulika, na kuyarudisha barabarani kuna njia yake, tena ndefu. Kama gari bado lina zile namba zake za kwanza, nyeusi zenye maandishi meupe, na kitabu chake cha zamani, hiyo ni heri, bei yake huwa juu na inastahili. Uliza pia cheti cha gari la kihistoria. Viko vyama vinavyotambuliwa kisheria, kama ASI na rejista ya Fiat yenyewe. Gari likishapita miaka 30, kodi ya kumiliki ya kila mwaka huondoka, hubaki ada ndogo ya kutembea barabarani. Ukaguzi wa kila miaka miwili, huo uko palepale.

Na ukitaka mtu wa kukushauri aliyelala chini ya magari haya maisha yake yote, wapo. Kuna chama cha wapenzi wa Fiat 500 chenye makao yake Garlenda, kijiji cha Liguria, kilichoanzishwa mwaka 1984. Kila Julai hukusanya vigari hivi kutoka nchi nyingi. Tafuta mwanachama aliye jirani nawe. Watu hawa wakianza kusimulia habari za kabureta, chai yako itapoa, lakini utajifunza.

Ndugu yetu ameuliza na jambo la pili: je, anaweza kulipeleka nyumbani Kenya atakapostaafu? Hapa sina la kuzunguka. Kenya gari linaloingizwa halitakiwi kuzidi umri wa miaka 8, na usukani unatakiwa uwe kulia. Hilo la kwako litakuwa na miaka zaidi ya hamsini na usukani uko kushoto. Nasi Tanzania gari kuukuu hutozwa ushuru wa ziada kwa sababu ya umri wake. Kwa hiyo lipende ukiwa hukohuko, litembeze hukohuko, na ukistaafu liuze hukohuko. Usije ukalipakia melini kisha ukaanza kumtafuta mjomba wa bandarini.

Muda wetu unakwisha, fundi mitambo ananipungia mkono. Basi, ndugu yangu wa Italia, hukumu yangu ni hii. Nenda asubuhi, injini ikiwa baridi. Nenda na fundi asiyejuana na muuzaji, umlipe siku yake. Gari lipandishwe juu. Ukikuta sakafu na vizingiti ni bati zima, picha za kazi zipo, na jina kwenye rejista ni la huyo anayekuuzia, zungumzeni bei na ulichukue, hata kama rangi ina doa. Ukikuta muuzaji hataki gari lipandishwe, mpe mkono, mwambie asante, rudi nyumbani umwambie mama watoto kwamba safari hii yeye ndiye aliyekuwa na haki.

Nanyi wengine mlio na magari ya zamani, iwe Peugeot 404 ya marehemu baba au Land Rover iliyolala chini ya mwembe, tuandikieni mtueleze mmefika wapi nayo. Barua zenu tutazisoma hapa hapa.